Mwenye hoteli, bango lako linafukuza wateja

Ukitoka Nyeri mjini kwa matatu ya kwenda Nyahururu, utapita Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kisha utaendelea na safari huku safu ya Nyandarua ikikuandama mkono wa kushoto. Baada ya muda si mrefu utafika Mweiga. Si mji mkubwa, lakini kwa msafiri mwenye njaa unatosha. Chai ipo, mukimo upo, na nyama choma ipo.

Kuna jambo moja linaloutofautisha mji huu na mitaa mingi ya Nairobi. Hapa bunduki huonekana mchana kweupe. Makao ya Mbuga ya Taifa ya Aberdare yako papa hapa Mweiga, na mbele kidogo ni Solio, ambako vifaru wamekuwa wakilindwa tangu mwaka 1970. Askari wa wanyamapori hubeba bunduki kwa sababu jangili naye huja na yake. Ongeza polisi. Ongeza pia mfugaji au mfanyabiashara mmoja mmoja aliyepewa leseni ya bastola kwa kuwa hutembea na fedha nyingi au huishi shambani mbali na kituo cha polisi.

Sasa tuseme mmoja wa watu hawa ameona njaa. Anafika kwenye mlango wa hoteli na kukuta bango: "Silaha haziruhusiwi ndani." Atafanya nini?

Mara nyingi hasemi neno. Hugeuka, akavuka barabara na kwenda kula kwa jirani. Mwenye hoteli hana habari kwamba amempoteza mtu. Jioni atahesabu waliokula na kulipa, lakini waliogeukia mlangoni hawamo katika daftari lake. Mwezi ukiisha atalaumu bei ya unga, atamlaumu mpishi, na pengine atamlaumu jirani kwamba amemwendea kwa mganga!

Leo, msomaji, tutazame mambo mawili. Je, ni kweli bango kama hili hufukuza wateja? Na mteja aliyefukuzwa amwendee vipi mwenye biashara ili amweleze?

Nyumba ni ya mwenyewe

Kwanza tukubaliane kwamba mwenye hoteli ana haki ya kuweka masharti katika nyumba yake. Akisema hataki sigara, usivute. Akisema chakula cha kutoka nje hakiingii, kula chako kwenye matatu. Vivyo hivyo kwa bunduki. Leseni ya serikali inakuruhusu uwe na silaha, lakini haimlazimishi mtu yeyote akukaribishe mezani ukiwa nayo.

Mabishano haya si ya kwetu peke yetu. Kule Marekani, ambako bunduki zimejaa kuliko redio za kwetu, yamekuwa makali kwa miaka mingi. Katika jimbo la Texas sheria imefikia hata kupanga maneno ya bango la kumkataza mwenye kibali cha silaha iliyofichwa. Ni lazima liandikwe kwa Kiingereza na Kihispania, na herufi zake zisipungue urefu wa inchi moja. Wapo wenye bunduki huko wanaotembea na vijikaratasi mfukoni, na wakikuta bango mlangoni humwachia meneja kimoja chenye ujumbe kwamba pasipo bunduki hapana pesa.

Mnamo Septemba 2013, mkuu wa kampuni ya mikahawa ya Starbucks, Howard Schultz, aliandika barua ya wazi akiwaomba wateja wasije na bunduki katika mikahawa yake. Hakupiga marufuku. Aliomba tu. Wapenda bunduki na wapinga bunduki walikuwa wameifanya mikahawa hiyo uwanja wao wa maandamano, na mtu aliyetaka kikombe cha kahawa akajikuta katikati ya siasa. Mwaka 2019, baada ya mauaji katika duka la Walmart mjini El Paso, kampuni hiyo nayo iliwaomba wateja wasiingie wakiwa wamebeba bunduki zikionekana.

Kumbe hata kampuni zenye mabilioni hazijui zimfurahishe nani. Sembuse mama mwenye hoteli ya meza kumi pale Mweiga?

Tupige hesabu

Wenye leseni hupenda kusema kwamba bango linawapotezea wenye hoteli fedha nyingi. Je, ni kweli? Shule tulienda, basi tupige hesabu.

Taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey yenye makao yake Geneva ilikadiria kwamba mwaka 2017 raia nchini Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000. Kati ya hizo, zilizosajiliwa zilikuwa kama 8,000 tu. Sensa ya mwaka 2019 ilipata Wakenya milioni 47.6. Kwa hiyo bunduki halali ya raia ilikuwa moja kwa kila watu 6,000 hivi.

Hoteli inayolisha watu 200 kwa siku ingemwona mteja wa aina hiyo mara moja kwa mwezi, kama wangekuwa wametawanyika sawasawa nchini. Faida ya sahani yake moja ya nyama haiwezi kulipa hata bili ya stima.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, na wenye leseni hawakosei wanapoutaja. Kwa kila bunduki 100 zilizokadiriwa kuwa mikononi mwa raia, 99 hazikuwa na karatasi. Mwenye bunduki ya wizi hasomi mabango. Hajapata kutokea jambazi aliyefika mlangoni, akasoma maandishi, akasema, "Pole, sikujua," kisha akarudi nyumbani.

Basi bango ni la nini?

Hapa ndipo wengi hukosea, wenye hoteli na wateja pia. Bango halikuwekwa kwa ajili ya jambazi. Limewekwa kwa ajili ya ugomvi. Watu wawili wanaoheshimika, wenye kazi na familia, wanaweza kukosana saa nne ya usiku juu ya bili, mchezo wa mpira au mwanamke. Wakiwa mikono mitupu, watarushiana maneno, labda na ngumi, kesho yake watapatanishwa. Mmoja akiwa na bastola kiunoni, kesho kuna matanga.

Januari 2020, mcheza santuri mmoja alipigwa risasi shingoni ndani ya klabu ya usiku mtaani Kilimani, Nairobi. Haikuwa usiku wa majambazi. Ulikuwa usiku wa starehe. Hata Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inaitambua hatari hiyo, kwani kulewa au kufanya vurugu huku umebeba bunduki ni kosa hata kama leseni unayo.

Mteja usiyemwona

Zaidi ya hayo, mwenye bastola si mteja pekee anayeondoka kimya kimya. Yuko mwingine.

Huyu ni baba aliyetoka Nairobi na familia yake kwenda kuona wanyama. Wanaagiza chakula. Ghafla mtoto anavuta shati la babake na kuonyesha meza ya pili, ambapo bwana mmoja ameweka bastola kando ya chupa yake kana kwamba ni kiberiti. Bango liko mlangoni, lakini bwana huyo anajulikana na hakuna wa kumgusa. Baba anaomba bili kabla soda hazijaisha. Meza ya watu sita imeondoka na haitarudi.

Na kwa wazee wa Mweiga, bunduki ina uzito wa pekee. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952, walowezi walikwenda hotelini na bastola viunoni, lakini Mwafrika akipatikana na bunduki bila idhini aliweza kunyongwa. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, shtaka lililomfikisha mbele ya mahakama huko Nyeri lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi. Alinyongwa gerezani Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mzee aliyekulia katika habari hizo, akiona bastola mezani, chai humkwama kooni. Naye pia ataondoka bila kuaga.

Kwa hiyo, mwenye hoteli, ukiondoa bango utapoteza baadhi ya watu, na ukiliacha utapoteza wengine. Swali la maana ni kama bango lako linafanya kazi uliyolituma.

Bunduki iachwe wapi?

Mabango mengi yana kasoro moja. Yanakataza bila kuonyesha njia.

Fikiri juu ya yule mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye leseni. Bango linamwambia asiingie na silaha. Mlinzi, kwa nia njema, anamwambia, "Niachie mimi, Mzee, nitakuwekea." Hapo mlinzi amejitia taabani, kwa sababu sheria haimruhusu mtu asiye na cheti kushika bunduki ya mwingine. Mwenye bastola naye anatakiwa aihifadhi mahali salama wakati wote. Akiiacha ndani ya gari, kioo kitavunjwa, na bunduki iliyokuwa halali asubuhi itakuwa ya jambazi jioni. Kwa maneno mengine, bango lililowekwa kwa ajili ya usalama limeongeza bunduki moja miongoni mwa zile zisizosajiliwa.

Askari wa wanyamapori ana shida kubwa zaidi. Bunduki aliyobeba ni ya serikali, naye hawezi kuitua popote kama mwavuli. Ametoka doria tangu alfajiri na anataka chai na chapati mbili tu. Mji wa Mweiga unajivunia vifaru na ndovu anaowalinda, halafu hoteli ya mji huo huo inamwacha anywe chai yake amesimama nje kwenye baridi ya Nyandarua. Huyo si mteja wa mara moja kwa mwezi. Huyo ni jirani wa kila siku, na wenzake ni wengi. Hapa ndipo bango linapomla mwenyewe.

Somo la Westgate

Najua wapo watakaoniuliza, "Na Westgate je?"

Ni swali la haki. Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013, washambuliaji walivamia jumba la maduka la Westgate, Nairobi, na watu 67 wakauawa. Kabla vikosi vikubwa havijapangwa, walioingia kuokoa watu ni maafisa wachache wa polisi pamoja na raia wenye bastola za leseni, akiwemo Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa. Mamia ya watu walitoka hai. Walinzi wa mlangoni, kama walinzi wengi wa kampuni za ulinzi nchini, hawakuwa na bunduki za kujibu risasi. Ukimwambia mtu aliyeokolewa siku hiyo kwamba bunduki ya raia haina faida, atakucheka.

Lakini siku hiyo hiyo ilitufundisha jambo jingine. Polisi na wanajeshi walifyatuliana risasi kwa kutotambuana, na afisa mmoja wa polisi akapoteza maisha. Ikiwa watu waliofunzwa vita wanaweza kukoseana hivyo, itakuwaje ukumbi wenye wateja watano wenye bastola, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye adui?

Mimi nasema hivi. Westgate ilionyesha ushujaa wa watu wachache waliojua walichokuwa wakifanya. Haikutuonyesha kwamba kila meza ya nyama choma inahitaji bastola. Serikali yenyewe, Desemba 2018, iliagiza raia wote wenye leseni wapigwe msasa upya. Kama serikali iliona haja ya kuwachuja tena watu iliowapa leseni kwa mkono wake, mwenye hoteli asiyewajua atalaumiwaje kwa kuwa na wasiwasi?

Anayepekuliwa ni nani?

Hata hivyo, kuna hasara kubwa kuliko hizi zote, na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wanaifahamu vizuri.

Bango linasema bunduki, lakini anayepekuliwa ni kijana wa chuo mwenye mkoba wa vitabu. Anaamriwa ainue mikono, mfuko unamwagwa, kalamu zinahesabiwa. Nyuma yake linafika gari kubwa lenye vioo vyeusi. Mlinzi anapiga saluti, anafungua lango, na mheshimiwa anapita na wapambe wake bila hata kuulizwa habari ya asubuhi. Sasa bunduki iko wapi? Katika mkoba wa vitabu?

Sheria inayomshika mnyonge na kumwachia mkubwa si sheria, ni dharau. Kijana huyo hatabishana na mlinzi. Atawasimulia wenzake bwenini, na Jumamosi ijayo kundi zima litakula kwingine. Mwaka ujao kundi hilo litawaambia wageni wa mwaka wa kwanza. Kwa njia hiyo hoteli hupoteza kizazi kizima kwa sababu ya mlango mmoja.

Mwambie, lakini kwa adabu

Basi mteja afanye nini? Ushauri wangu ni kwamba asiondoke kimya. Akinyamaza atakuwa amemwadhibu mwenye hoteli kwa kosa asilolijua, na hakuna kitakachobadilika. Lakini kusema nako kuna namna yake.

Kwanza, usimgombeze mlinzi. Hakuliandika bango, na akikuruhusu upite atafukuzwa kazi. Mhudumu naye muache. Mtafute mwenye hoteli au meneja.

Pili, chagua saa. Saa saba mchana wateja wakiwa foleni si wakati wa mazungumzo. Nenda saa tisa hivi, vyombo vikioshwa.

Tatu, usiende huku bastola ikionekana kiunoni. Maneno yako yote yatakuwa vitisho hata ukiyasema kwa sauti ya kasisi.

Nne, sema unachopenda, sema kilichokurudisha, kisha pendekeza njia. Mzee mfanyabiashara wa ng'ombe angeweza kusema hivi:

"Habari za mchana, Mama? Chakula chako nakipenda, na mimi hupita hapa kila wiki nikienda mnadani. Siku hizi nageukia mlangoni kwa sababu ya bango. Nina leseni, na sheria hainiruhusu kumwachia mlinzi wako silaha. Sikuja kugombana. Nauliza kama unaweza kufikiria kabati la chuma lenye kufuli, ufunguo nibaki nao mimi. Ukiona haiwezekani nitakuelewa. Nilitaka tu ujue kwa nini hunioni."

Naye mama huyo, kama ana busara, angejibu, "Asante, Mzee. Nilidhani umenihama kwa sababu ya bei."

Umeona? Hakuna aliyepayuka, hakuna kijikaratasi cha vitisho, na kila mmoja amejua asilolijua. Baba wa watoto wanne naye atumie njia hiyo hiyo kueleza habari ya bastola iliyowekwa mezani. Kijana wa chuo aeleze habari ya gari lenye vioo vyeusi. Mwenye hoteli akisikia sauti tatu za namna hiyo kwa wiki moja, atajua shida haiko kwenye unga.

Kwako mwenye hoteli

Nawe mwenye biashara, usingoje mpaka uambiwe. Kama unauza pombe, liache bango lako, na usione haya. Lakini chini yake ongeza mstari unaoeleza sababu: "Tunauza pombe, tunalinda maisha yako na ya mwenzako." Mtu akielezwa sababu hukubali upesi kuliko akiamrishwa.

Nenda kwa mkuu wa kituo cha polisi umuulize jinsi halali ya kuweka kabati la silaha kabla hujalinunua. Watengee maafisa walio kazini, wenye sare, meza kando na sehemu ya pombe wanywe chai yao kwa heshima. Mfundishe mlinzi lugha ya kumpokea mgeni. Juu ya yote, mlango uwe mmoja kwa wote. Mheshimiwa akikataa kupekuliwa, mwonyeshe bango lile lile ulilomwonyesha mwanafunzi. Ukishindwa kufanya hivyo, ling'oe leo hii, kwa maana litakuwa linawafukuza waungwana na kuwakaribisha wakorofi.

Wahenga walisema biashara haigombi. Wangekuwa Mweiga leo wangeongeza kwamba biashara pia haina budi kusikiliza, hasa kwa yule anayeondoka bila kusema kitu. Basi wewe msomaji, wiki hii ukigeukia mlangoni mahali popote, vuta pumzi, mtafute mwenyewe, umwambie.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.